Neno la Siri ni Karibuni

Kila asubuhi Kidole alifagia kibaraza, akaosha vyombo, kisha akapangusa vumbi kwenye ruta, kile kisanduku cha mtandao kilichokaa juu ya kabati la mama. Jina la Kidole alipewa na dada yake, kwa kuwa hakuna kitufe nyumbani mle ambacho hakuwahi kukibonyeza.

Siku hiyo haikuwa ya mchezo. Saa nane mchana dada angefanyiwa usaili wa chuo cha uuguzi kwa njia ya video, na nafasi ilikuwa imebaki moja tu. Walipofanya majaribio ya video na shangazi, sura ya dada iliganda mdomo wazi na sauti ikakatika.

"Hivi mtandao wetu una nini?" dada akalalamika, machozi yakimlengalenga.

Kidole alijua. Neno la siri alilichagua mama mwenyewe: karibuni. Na wageni wote waliopiga hodi walikaribishwa kwa neno hilohilo! Basi vijana wa jirani walijazana nje ya ukuta, simu mkononi, wakitazama mpira wa bure.

"Niachieni mimi," Kidole akasema.

Kwa simu ya mama alifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta. Lo! Waliounganishwa walikuwa wengi kuliko wageni wa harusi. Chini yake akaona maneno: "Ruhusu vifaa vilivyoandikishwa tu." Hakuwa ameandikisha hata kimoja, lakini kidole kikatangulia akili. Akawasha, akahifadhi.

Nje vijana wakaguna. Ndani nako simu ya mama ikakatika, na kompyuta ya dada pia. Kidole alikuwa amefunga mlango naye yuko nje!

"Labda ni umeme..." alianza. Akaona aibu. "Hapana. Ni mimi, dada. Nimewasha ulinzi kabla ya kuandikisha vifaa vyetu."

"Umenimaliza, Kidole!"

"Utalia baadaye," mama akamkatiza dada. "Aliyefunga ndiye atakayefungua. Njia ipo?"

"Ipo, mama. Naomba sindano."

Mama, ambaye kazi yake ni ushonaji, akachomoa sindano kwenye kola. Kidole akaishikilia ndani ya tundu dogo nyuma ya ruta mpaka taa zikazimika na kuwaka upya. Mipangilio yote ikafutika. Akasoma neno la siri la kiwandani kwenye kibandiko chini ya ruta, akaingia kwa simu ya mama, akaanza moja. Safari hii hakuharakisha. Akaandikisha simu ya mama, akahakiki. Akaandikisha kompyuta ya dada, akahakiki tena. Akabadilisha neno la siri la mtandao, na lile la kufungulia mipangilio. Ndipo akawasha ulinzi.

Saa nane ilipogonga, dada alikaa wima akajibu kila swali, na sura haikuganda hata mara moja. Mwishowe akaruka kutoka kitini. "Wamenichukua!"

Mara hodi. Alikuwa kijana wa jirani. "Mama, mbona karibuni inakataa?"

"Wewe karibu ndani," mama akacheka. "Neno ndilo lisilokaribisha tena."

Kisha akamvuta Kidole ubavuni. "Haraka haraka haina baraka, hilo umeliona. Ila leo umenifurahisha, mwanangu. Ungesingizia umeme, tungekaa tukiusubiri na usaili ungetupita. Ukificha kosa, umejifungia nje na ufunguo umeutupa."