Msugua Sufuria wa Adhuhuri

Paka ndiye aliyeanza kususa. Bi Rukaiya alimwekea kichwa cha changu kwenye kifuniko cha sufuria, kama alivyomwekea kila siku kwa miaka sita, na mwizi yule, ambaye akikosa samaki alikula hata ukili wa kumfungia, alinusa mara moja tu, akarudi kinyumenyume, akaketi mbali akimtazama bibi kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni.

"Umealikwa wapi leo, bwana mkubwa?" Bi Rukaiya akamuuliza.

Paka akanyanyuka, akaruka ukuta wa ua, akenda zake. Hakurudi tena.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya Chukwani, ukishaipita minazi, mahali ambapo siku hizi watu walipaita Dohani kwa sababu ya dohani ndefu ya mtambo wa umeme uliokuwa ukichoma makaa ya mawe. Wenye mtambo walipokuja, mwaka wa tisini na mbili, waliahidi taa kila nyumba. Taa zikenda mahotelini. Watu wa Dohani wakapata moshi. Lakini Bi Rukaiya hakulalamika, maana katika vijana wote wa pale ni mwanawe Abrahman aliyepata kazi ya ofisini, kazi ya kuvaa shati jeupe na kuchomeka kalamu mfukoni, na mama mtu hakumwacha hata muuza ndizi apite bila ya kumweleza habari za kalamu ile.

Na kila Ijumaa Abrahman alimletea mama yake gunia la jivu.

Hilo lilikuwa jivu, si uchafu wa mafiga wenye vipande vya kuni. Laini kama poda ya mtoto, la rangi ya njiwa. Ukichovya makumbi, ukasugua sufuria, inang'ara hata unajiona meno, na Bi Rukaiya alikuwa bado na meno manne ya kujionea. Aliwagawia majirani kwa kopo, huku akiwaambia, "Mwanangu kaniletea." Wakamshukuru. Alipenda kushukuriwa.

Sauti ilianza mwezi wa nne wa magunia, adhuhuri, wakati ambao watu wameshakula na jua limewalaza. Bi Rukaiya alikuwa kajinyosha ukumbini. Akasikia uani: *kwaru, kwaru, kwaru.* Mtu anasugua sufuria.

Akafurahi. Mkaza mwanawe, Wafaa, alikuwa msichana wa watu wa mjini, wa vizazi vya Kiarabu, mpole, mzuri wa uso, na mvivu wa vyombo. Leo kapata akili, bibi akajisemea. Akageuka upande wa pili, na chumbani, mlango ukiwa wazi, akamwona Wafaa kalala na mwanawe Ghaliya kifuani.

*Kwaru, kwaru.*

Wafaa akafumbua macho. Wakatazamana.

"Nani huyo, mama?" Wafaa akanong'ona.

"Nilidhani wewe."

Bi Rukaiya hakuwa mwanamke wa kuogopa vyombo. Akajifunga kanga, akenda. Alipoufikia mlango wa ua sauti ikakoma. Hapakuwa na mtu. Sufuria zote, zilizoachwa na ukoko, zilikuwa zimepangwa juu ya jiwe zikidondoka maji, na pembeni pake palikuwa na mchanga mbichi wa pwani, wakati siku ile hakuna mtu wa nyumba ile aliyekwenda pwani. Gunia la jivu lilikuwa limeburutwa mpaka jaani, likapinduliwa.

Harufu ya kiberiti kilichozimwa kwa maji ikapita uani. Akaziba pua, akasoma alichokijua.

"Wafaa," aliporudi ndani aliuliza kwa sauti ya chini, "jana magharibi ulimwaga jivu jaani?"

"Nilimwaga."

"Ulisema nini?"

Wafaa akainamisha kichwa. Kila mtu wa Unguja anajua kwamba jaa lina wenyewe, na anayemwaga jivu jioni huwaomba njia kwanza, asije akawamwagia watoto wa watu machoni. "Nilisahau, mama. Mtoto alikuwa akilia."

"Umesahau. Sasa watatukumbusha."

Na walikumbushwa. Adhuhuri baada ya adhuhuri, mkono usioonekana ulisugua, na kila siku ulisugua kwa nguvu zaidi, mpaka sufuria zikaanza kuwa nyembamba, na gunia, hata likifungiwa stoo, likakutwa jaani limemwagwa. Ghaliya naye, aliyekuwa na miaka minne na maneno ya mtu wa arubaini, akaanza kunyamaza. Alisema miguu yake inatembewa na sisimizi. Alisema wali una ladha ya msumari. Asubuhi moja Wafaa alimnyanyua kitandani, na nywele za mtoto, fungu zima, zikabaki kwenye mto kama zilizonyolewa.

Wafaa alikaa na nywele zile mkononi. "Jini anammaliza mwanangu," akasema, "na mimi ndiye niliyemwita."

Bi Rukaiya hakumkatalia. Baadaye lilimuuma hilo kuliko yote, kwamba hakumkatalia.

Jioni Abrahman alirudi na dumu lake la maji. Maji ya kisimani yamemchosha, alisema, yana chumvi, kwa hivyo alichota yake mjini. Mama yake alimpakulia.

"Nshakula kazini, mama."

"Jana pia ulishakula kazini. Na juzi. Huko kazini kwenu mnafanya kazi saa ngapi?"

Abrahman akacheka kidogo, akatoa mkate wa boflo aliouviringishia gazeti, akaula na chai yake ya chupa. Bi Rukaiya kwa miezi alikuwa na lake moyoni: kuna mwanamke mjini anampikia. Alikuwa ameshamchagulia hata sura mwanamke huyo, na hakuwa amempendelea.

Wakamweleza habari ya mtoto na ya sauti. Abrahman alikuwa kijana aliyesoma, na tangu shule alikuwa akiwacheka waganga. Bi Rukaiya alijitayarisha kubishana naye. Lakini Abrahman alilitazama fungu la nywele, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akasema:

"Jini huyo. Mwiteni Mzee Borafya amtoe."

Alikubali upesi mno. Mama yake aliliona hilo, akaliweka.

Mzee Borafya alikuja Alkhamisi alasiri na mkoba wake na kikohozi chake. Alikuwa mtu mfupi, mchafu wa kanzu, lakini hakuwa mwongo, na kwa mganga hiyo ni sifa. Alimkalisha Wafaa juu ya mkeka, akamfunika shuka nyeupe, akamwekea chetezo chini yake. Moshi wa ubani ukajaa. Abrahman alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

"Taireni," mganga akasema.

"Taire," Bi Rukaiya akajibu, peke yake.

Shuka ikatulia. Kisha ikaanza kupanda na kushuka kama mtu anayevuta pumzi kutoka mbali, kutoka chini, kutoka kwenye sakafu iliyo chini ya mkeka na ardhi iliyo chini ya sakafu hiyo, na mle ndani ya msichana wa watu, asiyewahi kumpandishia mtu sauti, ikatoka sauti ya mzee, kavu, yenye adabu.

"Hujambo, Rukaiya?"

Meno manne ya Bi Rukaiya yakagongana. "Sijambo. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni wa mumeo Ubwa. Alinifunga chini ya kizingiti chako, chupani, mwaka mlioingia nyumba hii. Akanambia nilinde nyumba na kizazi chake. Nnalinda."

Bi Rukaiya alilijua fingo lile. Alikuwa amesimama na taa mkononi marehemu akilizika.

"Unalinda," akasema, na hofu yake ikageuka hasira, ambayo aliizoea zaidi, "na huku unamla mjukuu wangu."

"Mimi simli. Mimi nnasugua."

Mkaa ukalia chetezoni.

"Kila mnachopaka kwenye vyombo, mimi nnakitoa," sauti ikaendelea. "Kwa mchanga, kwa maji ya bahari. Nnatoa adhuhuri, mnapaka jioni. Nnalimwaga, linaletwa jingine. Nimechoka, Rukaiya. Tazama."

Mkono wa Wafaa ukatoka chini ya shuka, ukafunguka. Kiganja kilikuwa kitupu. Mistari yote, ile ambayo mtu huzaliwa nayo, ilikuwa imefutika, ngozi ikawa laini na inang'ara kama kitako cha sufuria iliyosuguliwa.

"Mtoe, Mzee," Abrahman akasema kutoka mlangoni, upesi. "Sheitani muongo huyo. Mtoe."

"Unataka nini?" mganga akauliza, kwa kuwa ndivyo waulizavyo. "Chano? Halua? Kuku mweupe?"

"Sitaki kula cha nyumba hii. Nataka ruhusa ya kuondoka. Wenzangu wote wa pwani hii washakwenda, wamejazana kwenye pango la Mangapwani kama wakimbizi. Nimebaki mimi kwa sababu nimefungwa." Shuka ikageuka, polepole, ikaelekea mlangoni. "Na yule pale amebaki kwa sababu haguswi. Msinisadiki mimi. Mpakulieni."

Bi Rukaiya akanyanyuka. Akenda jikoni, akapakua wali wa mchana kutoka kwenye sufuria inayong'ara kuliko zote, akaweka mchuzi wa changu juu, akaileta sahani na kuiweka chini mbele ya mwanawe.

"Kula, Abrahman."

"Mama, nshakula."

"Tonge moja."

"Mama, kuna jambo la mtoto hapa, wewe unaleta wali?"

"Nimekunyonyesha miaka miwili, na kabla hujaota meno nlikutafunia. Sikuombi sahani. Nakuomba tonge."

Abrahman akachutama. Akatia vidole kwenye wali, akafinyanga tonge, akalinyanyua. Lilifika usawa wa kidevu. Likasimama hapo. Punje zikaanza kumwagikia shati jeupe, moja moja, na macho yake hayakuwa kwenye tonge, yalikuwa kwenye kiganja kile kisicho na mistari. Kisha akalirudisha tonge sahanini, taratibu, akalipanga mahali pake.

Hakuna jini aliyewahi kumtia Bi Rukaiya baridi kama ile.

"Sema," akamwambia.

"Wenye mtambo walituambia tusiliguse jivu bila glavu," Abrahman akasema, akiitazama sahani. "Lina sumu, linalotoka na moshi na linalobaki chini. Rundo lilikuwa kubwa, na wakaguzi wanakuja. Tukaambiwa kila mfanyakazi aondoe kidogo kidogo, awape watu, na tukatia saini kwamba hatutasema. Mwezi wa kwanza nlikuwa sijui, mama. Wallahi sikujua."

"Na wa pili?"

"Wa pili nlijua."

"Na wa tatu? Na wa nne?"

Abrahman akapangusa punje za wali kwenye shati.

"Ukanunua boflo," Bi Rukaiya akasema.

"Ulikuwa ushawagawia watu wote. Nikisema, kazi inakwenda, na wewe watu watakuuliza. Nlidhani kidogo hakidhuru."

"Kama hakidhuru, wali huo hapo."

Mzee Borafya alikuwa akitazama ukuta, kwa heshima. Bi Rukaiya hakulia na hakumpiga mtu. Alikwenda stoo, akachukua jembe, akakivunja kizingiti cha mlango wake mwenyewe, Abrahman akiruka kumpisha. Kwenye kina cha mkono mmoja akaikuta chupa nyeusi, imefungwa nta na uzi mwekundu. Akaikaza kifuani.

"Baba," akaiambia shuka, "mume wangu alikufunga na mimi nakufungua. Umetutosheleza. Nisamehe, nilikutukana."

"Nimeshasamehe. Mtoeni mtoto leo hii, jua halijazama. Kwaheri, Rukaiya."

Akaivunja chupa kwa mpini wa jembe. Upepo mdogo ukatoka mlangoni, mkavu, ukampita Abrahman bila ya kumgusa hata upindo wa nguo, kana kwamba hata huo ulimchukia. Wafaa akaanguka kwenye mkeka. Alipoamka, viganja vyake vilikuwa na mistari.

Kabla ya magharibi Bi Rukaiya alizunguka nyumba kumi na moja kudai makopo yake ya jivu. Alisema sababu, yote, na jina la mwanawe. Saba waliyamwaga. Wanne walidhani amejuta kuwapa kitu kizuri, wakayaficha.

Wakamchukua Ghaliya mjini, kwa mama yake Wafaa, nyumba ya ghorofa mbili kule Malindi, yenye sufuria za watu wengine na maji ya mfereji. Daktari aliwapa dawa, na alipowapa hakuwatazama machoni. Siku ya saba ikapita. Nywele hazikuanguka tena. Mtoto aliomba embe. Bi Rukaiya, ambaye alikuwa hajalala tangu Alkhamisi ile, alijinyosha baada ya chakula cha mchana.

*Kwaru, kwaru, kwaru.*

Alifumbua macho, na jambo la kwanza alilolisikia moyoni lilikuwa furaha. Amerudi, akasema. Hakutuacha. Akajikokota mpaka jikoni, akifikiria maneno ya kumkaribisha. Sufuria zilikuwa pale, kavu, na ukoko wake. Hapakuwa na mchanga. Na sauti haikuwa jikoni, ilikuwa nyuma yake, na kadiri alivyoifuata kwenye ukumbi, na kwenye mlango wa chumba, na pembeni mwa kitanda, ndivyo ilivyozidi kuwa ndogo na ya karibu, mpaka akainama, akaweka sikio kwenye kifua cha Ghaliya aliyelala, na akaisikia mle ndani, kila mtoto alipovuta pumzi, ikisugua.

Abrahman alikuwa amefika kumtazama mwanawe. Alisimama mlangoni na embe mbili mkononi, nusu ndani, nusu nje.

"Jini huyo, mama?" akauliza kwa sauti ya chini. "Katufuata?"

Bi Rukaiya hakunyanyua sikio lake.

"Yule alikuwa na adabu," akasema. "Yule aliaga. Huyu ni wako."