Pumzi ya Tatu

Hema lilisimama kabla kamba haijavutwa.

Muuza mahema alikuwa ameliweka sakafuni mwa duka lake, limekunjwa kama mwavuli mnene, na maelezo yake yalikuwa bado kinywani: "Unashika hapa juu, unavuta mara moja tu, halafu..." Hakuvuta. Nguzo zilinyooka zenyewe, pa! pa! pa! na hema likawa limesimama katikati ya duka, kubwa, la kijani, mlango wake wazi.

Muuzaji alirudi nyuma hatua mbili. Kisha akacheka, kicheko cha mtu anayejituliza.

"Springi zake kali," alisema.

Wateja wake walikuwa mke na mume. Mke alikuwa mpima mvua. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vilele ishirini na vitatu vya nyanda za juu, kusoma vyombo vya kupimia mvua na kuandika idadi ya milimita katika daftari. Safari ingechukua miezi kumi na mmoja, na ilipangwa ipite katikati ya masika, maana mvua haipimwi wakati wa jua. Mumewe, dereva mstaafu wa malori, ndiye aliyemwendesha. Watu walimwita Honi kwa sababu ya sauti yake. Akikusalimia kwa mbali unaweza kuruka ukadhani umegongwa.

Hema lao la zamani lilikuwa limekufa wiki iliyotangulia. Upepo uliivunja nguzo yake saa sita mchana, wakiwa ndani, na ncha yake ikapita karibu na jicho la Honi. Tangu hapo walikuwa wakilala garini, magoti yamekunjwa, shingo zinauma.

Kwa hiyo mpima mvua hakununua kwa macho. Alipitisha kidole kwenye kila mshono aone kama umezibwa. Aliikunja nguzo mpaka ikakaribia kuwa duara, akaiachia, ikanyooka. Alitazama sakafu, ambayo ilipanda pembeni kama karai, akaridhika: maji ya chini yasingeingia. Akaomba ndoo ya maji, akaimwaga yote juu ya paa. Halikupita hata tone.

"Hili ndilo," alisema Honi. "Huku tunakokwenda mvua haibishi hodi. Ukihangaika na nguzo robo saa, umeshalowa hadi uti wa mgongo."

Mpima mvua aliingiza kichwa ndani. Kulikuwa na harufu. Si ya plastiki mpya wala ya uvundo. Ilikuwa harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi, halafu mtu akainua kifuniko.

"Limeshatumika?" aliuliza.

"Mara moja tu," alijibu muuzaji, akitazama pengine. "Mke na mume kama nyinyi. Wakalirudisha. Hawakulizoea."

Wakalichukua.

Wiki ya kwanza hema lile lilijitetea vizuri. Kilele cha pili, dhoruba iliyong'oa mti mzima hatua thelathini kutoka walipolala haikuweza hata kulitikisa. Honi alilipigapiga ukuta kwa mapenzi. "Hili si hema," alisema. "Hili ni mke wa pili."

"Basi na likupikie," mkewe alimjibu.

Asubuhi ile, mpima mvua alipofumbua macho, aliona matone kwenye kitambaa cha juu. Hakushtuka. Pumzi ya mtu ni mvuke, nao ukikutana na kitambaa cha baridi hugeuka maji. Kulikuwa na duara la matone juu ya kichwa chake, na lingine juu ya kichwa cha Honi.

Na lilikuwepo la tatu, juu ya miguu yao, dogo kama kisahani cha chai.

Alilitazama muda mrefu. Akalifuta kwa kiganja, akaenda kazini.

Kilele cha tano, duara lile lilikuwa limefika juu ya magoti. Kilele cha saba lilikuwa juu ya vifua, katikati yao, pana kama sahani ya wali. Yeye ni mtu wa vipimo, na mtu wa vipimo hawezi kuona kitu kinakua asikipime. Akachukua rula, kama alivyofanya kilele cha tano. La tatu lilikuwa limeongezeka sentimita nane. Lake mwenyewe lilikuwa vilevile. La Honi lilikuwa limepungua sentimita nane.

Alipokuwa akiandika, alisikia mumewe akikohoa nje. Honi alikuwa amebeba dumu la maji kutoka kwenye kijito, mwendo ambao wiki mbili zilizopita aliumaliza akiimba. Sasa alikuwa ameketi juu ya jiwe, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka.

"Una nini, mume wangu?"

"Uzee," alisema Honi. Ilibidi mkewe amkaribie ili amsikie.

Kilele cha tisa hakukuwa na upepo. Ilikuwa jioni tulivu, nyasi zimesimama wima, moshi wa jiko lao unapanda juu kama uzi. Walikuwa nje wanakula. Hapo Honi akaacha kutafuna.

"Tazama," alinong'ona.

Kuta za hema zilikuwa zikiingia ndani polepole, zikibonyea hadi nguzo zikaonekana kama mbavu, zikatulia kidogo, kisha zikajaa na kutoka nje. Zikaingia tena. Zikatoka tena. Na kwenye mlango, ambao zipu yake ilikuwa imefungwa, ilisikika sauti nyembamba, ndefu, ya hewa inayopita kwenye tundu dogo.

"Ni joto la ndani," alisema mpima mvua, ingawa hakuna joto analolijua yeye linaloweza kufanya hivyo.

"Mke wangu," Honi alinong'ona, "linapovuta, mimi siwezi kuvuta."

Waliacha sufuria pale pale wakaingia garini.

Mjini daktari alimpima Honi, akampiga picha ya kifua, akaitazama akiwa ameikunjia uso. "Mapafu ni mazima," alisema. "Ila yanafanya kazi kama ya mtu aliyeko mahali pasipo na hewa." Akampa vidonge.

Mpima mvua alisimama kwenye ukumbi wa hospitali akampigia simu muuza mahema.

"Nataka kujua kuhusu wale mke na mume."

Muuzaji akajibu kwamba ana wateja dukani.

"Kaka, nakuomba. Mume wangu anaisha."

"Aliyelirudisha ni mwanamke, dada yangu," alisema muuzaji mwishowe, kwa sauti ya chini. "Alikuja peke yake. Sikumuuliza kitu. Yeye ndiye aliyeniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Kama nina hema la mtu mmoja."

Mpima mvua akakata simu.

Walikwenda kwa shangazi yake Honi. Mama huyo alikuwa muuguzi miaka thelathini na tano, na tangu astaafu watu walimwendea kwa maradhi ambayo hospitali haikuyapa jina. Hakuwa na ngoma wala hirizi. Alikuwa na stuli, glasi ya maji, na masikio mazuri. Alipokea shikamoo zao, akamweka Honi mbele yake, akamwambia apulize kwenye glasi. Honi akapuliza. Maji hayakutikisika.

"Kuna kitambaa," alisema shangazi. "Mmenunua kitambaa."

Wakamsimulia yote.

"Kuna watu walisimamisha hema hilo juu ya mlango wa wenyewe," alisema. "Tundu, pango, sijui. Jini akatoka, akakuta nyumba juu ya nyumba. Asubuhi wakakunja haraka haraka, na yeye humo ndani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hajapewa jembe. Amepewa mapafu ya mwanangu."

"Tulichome moto," alisema mpima mvua.

"Pumzi ya mumeo imo humo. Ukilichoma, unamchoma nani?" Shangazi alimshika mkono. "Atatolewa kwa mlango. Lakini anayemtoa lazima awe aliyelala naye na hakuguswa. Ni wewe. Sikiliza vizuri. Utaingia wakati wa upepo mkali, maana hao wanasafiri kwa upepo. Utafungua mlango, utamwambia mara tatu aache alichochukua, aende. Usimuulize jina. Atakapoanza kutoka atapita usoni pako. Hapo ubane pumzi, na usivute hata chembe mpaka mlango utulie. Jini akitoka anatafuta nyumba ya karibu. Kinywa kilicho wazi ni nyumba."

Siku ya tatu dhoruba ilikuja. Walikuwa wamerudi kilele cha tisa tangu asubuhi, wakalikunja hema walilokuwa wameliacha pale. Ilikuwa saa nane mchana, lakini mawingu yalikuwa yamelala juu ya mlima na kila kitu kilikuwa na rangi ya risasi. Honi alikuwa garini amemwegemea shangazi yake, midomo yake imegeuka buluu. Hakuweza tena kusema. Alimtazama mkewe, akatikisa kichwa: usiende.

Mpima mvua akalitupa hema chini. Likasimama kabla halijagusa nyasi.

Aliingia, akaketi. Harufu ya kisima ilikuwa nzito, inakaa ulimini. Nje mvua ilipiga kitambaa kama kokoto zinazomwagwa, lakini ndani, chini ya kelele ile, palikuwa na sauti nyingine, ya karibu, ya mtu anayevuta pumzi kwa raha, kama aliyeshiba. Juu ya kichwa chake palikuwa na duara moja la matone, limeenea paa zima.

Akafungua zipu ya mlango.

"Mgeni, mlango uko wazi. Acha ulichochukua, uende."

Pumzi ikakatika. Kisha sauti ikasema nyuma ya shingo yake, nzito, ya kujaa hema, sauti aliyoishi nayo miaka ishirini na sita:

"Mke wangu, unanifukuza?"

Machozi yalimtoka. Alijua kwamba Honi yuko garini na hana hata sauti ya kuomba maji. Akajua pia sauti ile ilikwenda wapi.

"Mgeni, mlango uko wazi. Acha ulichochukua, uende."

"Nyumba yangu iko wapi?" iliuliza sauti, na sasa haikuwa ya Honi peke yake, ilikuwa ya wanaume wawili wanaosema pamoja. "Mmeibeba. Mmeikunja. Niende wapi?"

Alimhurumia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Akasema mara ya tatu, akipiga kelele, kisha akavuta pumzi ndefu na kuibana.

Kuta zikaanza kuingia ndani, zikimkaribia, kitambaa cha baridi kikamgusa mabega, kikamgusa masikio, kikamkumbatia uso kama sanda iliyolowa, na ndani ya kitambaa kitu kikaanza kusogea, kirefu, kisicho na mifupa, kikipita kwenye mgongo wake, kikipanda begani, kikisita kwenye shavu lake na kulinusa, huku kifua chake mwenyewe kikianza kuungua na mishipa ya kichwa ikigonga, naye akihesabu kama alivyohesabu milimita maisha yake yote, arobaini, hamsini, sitini, na kitu kile kikiwa bado kinapita, hakina mwisho, kikitoka mlangoni kidogo kidogo na kuiacha zipu ikitetemeka kama meno ya mtu mwenye baridi, themanini, tisini, macho yakiingia giza, mia, mia na tisa, na mkia wa kile kitu ukiwa bado mdomoni pake, umetulia, unangoja.

Mlango ukatulia. Au alidhani umetulia. Akavuta.

Kisha kitambaa kikamwachia, mvua ikaingia mlangoni, na kutoka garini ikasikika sauti ya Honi, kubwa kama radi, ikiliita jina lake la nyumbani. Alitambaa nje, akamkumbatia kwenye matope, akamsikia akivuta hewa kama mtu anayekunywa maji.

Shangazi alimshika kidevu, akamtazama machoni.

"Ulivuta kabla mlango haujatulia?"

Mumewe alikuwa akicheka. Alikuwa mzima. Mpima mvua alimtazama, kisha akamtazama shangazi.

"Sikuvuta," alisema.

Shangazi aliendelea kumtazama muda mrefu, akakiachia kidevu chake. Walilichana hema vipande, wakavizika palepale.

Walinunua hema la turubai nzito, la kusimamishwa nguzo kwa nguzo, kigingi kwa kigingi. Lilichukua nusu saa, na walilowa kila mara. Honi hakulalamika hata siku moja. Alinenepa. Sauti yake ilirudi ikawatisha punda njiani.

Kilele cha kumi na tisa walifika saa tano asubuhi, jua likiwa kali, anga bila wingu. Mpima mvua alipanda peke yake mpaka kwenye chombo, akainama kusoma. Honi alikuwa bado mteremkoni na dumu la maji.

"Mke wangu!" alipaza sauti. "Unaongea na nani huko juu?"

Alishtuka. Hakuwa ameongea. Alikuwa akisoma kimyakimya, tena midomo imefungwa. Akageuka ili amjibu kwamba hakuna mtu, kwamba ni masikio yake tu.

"Nimepata nyumba," kinywa chake kikasema, taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Kalamu ikamwanguka. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akaubana kwa nguvu, na chini ya viganja akaihisi midomo yake bado inasema.