Kofia ya Chuma ya Ziemek

Bogna alikuwa hoi. Miguu ilimwaka moto, sauti imemkauka kwa kuita wateja, na mnada chini ya ngome ya Malbork ndio kwanza unachangamka. Ndipo jitu la mtu, shati jekundu limelowa jasho, likajikwaa kwenye kamba ya hema la Bogna na kuangusha kofia tatu za chuma.

"Samahani, bibie. Nimekuja kununua, si kubomoa."

"Wote husema hivyo. Kichwa chako saizi gani?"

"Sitini na moja."

"Umepima kikiwa kitupu?"

"Sasa kichwa hupimwa na nini?"

"Mungu wangu!" Bogna akamrushia kofia ya pamba, ile inayovaliwa ndani ya chuma. "Vaa hii kwanza. Ungenunua ya kukubana mpaka macho yakutoke."

Jamaa akacheka, akainama apimwe. Alikuwa Ziemek, fundi lifti kutoka Łódź, na kila mwisho wa wiki alivaa deraya, mavazi ya chuma ya askari wa kale, akaenda mashindanoni kutwangana na wenzake kwa shoka na panga butu. Bogna aliandika kipimo cha kofia atakayomtengenezea, akaandika na namba ya simu.

Kiangazi chote walipigiana.

"Umekula, chura wangu?" Ziemek alizoea kumuuliza, kwa mahaba ya kwao.

"Chura wako anagonga kofia yako. Mkono umekufa ganzi."

"Igonge kwa upendo basi. Ndiyo nyumba yangu hiyo."

Majani yalipoanza kuanguka, Ziemek akaja karakanani kwa Bogna, Toruń, kuijaribu. Bogna, aproni ya ngozi kiunoni na masizi shavuni, alimfunga ukanda wa kidevu. Ziemek akatikisa kichwa huku na huku. Kofia ikaenda nacho. Imekaa sawasawa. Bogna akamfunika uso kwa chuma, akachukua nyundo ya mbao kama afanyavyo kwa kila mteja, akamgonga kidogo upande wa sikio lake la kulia.

"Nimegonga wapi?"

"Kushoto."

Akagonga kisogoni. "Na hapa?"

"Kushoto, bwana."

"Ziemek, acha mzaha."

"Mzaha gani?"

Bogna akaweka nyundo chini. Akamvua kofia, akaiweka nyuma yake.

"Hii sikuuzii. Umeshapigwa vya kutosha. Nenda ukaone daktari."

"Jumapili nina mashindano! Sema tu unataka kunifunga nyumbani kama mbwa."

"Ningetaka mbwa ningefuga."

"Mafundi wapo wengi," Ziemek akasema, akabamiza mlango.

Simu ikanyamaza. Bogna alijilaumu, akamlaumu yeye, akarudi kujilaumu. Alichoka hata kulia. Alijua unene wa bati linalozuia shoka, lakini ubongo uliokwisha kutikiswa hakuwa na bati la kuutibu, na alimpenda mwanamume huyu.

Jumapili mchana simu ikaita.

"Uko wapi, Ziemek?"

"Nyuma ya uwanja, hapa Łódź. Nilinunua kofia kwa fundi mwingine. Nikawaomba wenzangu wanigonge kama ulivyonigonga wewe."

"Ikawaje?"

"Kila mara nilijibu kushoto. Walikufa kwa kucheka. Walidhani nawachekesha." Akavuta pumzi. "Sijaingia, Bogna. Timu imepigana bila mimi. Nimechoka, na siku nyingi nilikuwa najua kichwa hakiko sawa. Nisipopigana mimi ni nani?"

"Sijui. Tutajua pamoja. Usishike usukani, nakuja kukuchukua."

"Unanitaka hivi hivi, na kichwa kibovu?"

"Nakutaka, mjinga wewe."

Ziemek akauliza, "Nikuoe basi?"

Bogna akacheka machozi yakimtoka. "Mambo hayo hayaombwi kwenye simu. Niulize nikifika."

Aliendesha gari mpaka Łódź akiwa bado na aproni. Alimkuta ameketi juu ya sanduku la deraya, koti begani, watu wakibomoa uzio wa uwanja. Ziemek alimwangalia akafurahi, kisha akakunja uso kama mtu anayetafuta funguo.

"Kuna kitu nilitakiwa kukuuliza," alisema taratibu. "Kikubwa. Kimenitoka."

Bogna akapiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Jibu lake ni ndiyo," akamwambia.