Salamu ya Kushoto

Haya yalimkuta Hasna wa Kikwajuni, jirani yetu ukuta kwa ukuta, nami nayasimulia kwa sababu mwenyewe siku hizi hataki hata habari hizi ziguswe. Ilikuwa Desemba 1998. Hasna alikwenda Guangzhou, Uchina, kununua vitambaa, na safari hiyo alifuatana na mdogo wake, Najat, aliyekuwa aolewe mara tu baada ya Idi. Siku ya kuondoka, mama yao alimshika Hasna mkono pale uwanja wa ndege, hakuuachia.

"Huyu ni amana," alisema. "Nirudishie kama nilivyokukabidhi."

Huko walipanga chumba ghorofa ya nne, alichokuwa anakihama Abdulsalam, mfanyabiashara wa Dar. Chumba kizuri, ila ukuta wa kibla ulikuwa na picha kubwa ya rangi: milima yenye theluji, njia nyembamba, na minara ya mawe isiyo na mtu. Hasna akakunja uso. Picha, kwenye kibla?

"Haina kiumbe, nimeikagua mwenyewe," Abdulsalam alimtuliza. "Mlima hauna roho, bibie. Salini tu."

Akaeleza kuwa mchoraji alikuwa Muingushi, Mwislamu wa milima ya Kaukazi huko Urusi, aliyekuja na wanunuzi wa mikoba wa soko la Shiling. Vita vilikuwa vimewafukuza kwao. Alikichora kijiji chake kwa kukumbuka, akawa anasali mbele yake kila siku, hadi alasiri moja akatoweka. Viatu vyake vilibaki mlangoni.

"Si uibandue basi," Hasna alisema.

"Nilijaribu. Vidole viliniuma wiki nzima, utadhani nimeshika barafu." Abdulsalam akatupia begi begani, akaaga haraka. Hakusema kwa nini anahama.

Siku tatu zilipita salama. Hasna alihangaika sokoni Zhongda na Najat alihangaika na baridi, maana mtoto yule alikuwa hawezi baridi hata ya mvua za Masika. Alishinda amejitanda kanga. Ilikuwa doti moja ya manjano, dada mtu kipande chake na mdogo mtu chake, na Hasna alizoea kumtania kuwa hata siku ya harusi ataingia nayo.

Siku ya nne walisali adhuhuri pamoja, Hasna akitangulia. Alipomaliza akatoa salamu kulia. Akatoa salamu kushoto.

"Wa alaikum salaam," sauti ya mwanamume ikaitikia.

Ilikuwa ya upole. Ilikuwa karibu na sikio.

"Dada," Najat alinong'ona, "umesikia?"

"Ni jirani."

"Upande huo hakuna jirani. Kuna barabara."

Hasna akainua macho. Kwenye picha, juu kabisa ya njia, mlangoni mwa mnara, palikuwa na nukta nyeusi. Angeweza kuapa asubuhi haikuwepo.

Kesho yake nukta ilikuwa mtu. Alikuwa amefika katikati ya njia, anashuka.

Hapo Hasna aliogopa kweli. Akaamua waondoke siku hiyo hiyo, akishamalizana tu na watu wa mizigo. Najat alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, hawezi hata kusimama.

"Nisikilize," Hasna alimwambia. "Usisali mpaka nirudi. Ukisikia neno, kaa kimya."

"Mwislamu mwenzetu huyo, dada. Hata karibu tumnyime?" Najat alicheka kwa shida. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Najat! Huyo si mgeni."

Akatoka mbio. Foleni Zhongda, foleni barabarani. Alirudi alasiri imeshaingia. Mlango ulikuwa wazi. Viatu vya Najat vilikuwa mlangoni, vimepangwa vizuri.

Akaingia.

Najat alikuwa amekaa juu ya msala, kichwa wazi. Mablanketi yalikuwa sakafuni na dirisha limefunguliwa lote.

"Joto," alisema.

Sakafuni palikuwa na maji. Hasna aliinama, akaona nyayo. Zilikuwa pana, za mwanamume, zilianzia ukutani kwenye picha zikaja hadi kwenye msala. Za kurudi hazikuwepo. Kanga ya manjano haikuwepo. Njia ya mlimani ilikuwa tupu.

"Ulimjibu?"

"Nilimkaribisha," Najat alisema, akatabasamu.

Hasna alikusanya mizigo haraka haraka. Alimshika mkono, wakapanda ndege ya kwanza iliyopatikana, na njia nzima mkono ule haukupata joto.

Unguja mama alifurahi mno. Najat ametulia, haringi, anakunywa maji ya barafu na kulala bila shuka. Ikafika siku ya hina. Chausiku, somo wa bibi harusi, alipaka huku anakunja uso.

"Mwanangu, miguu hii imekuwa mikubwa lini? Hata viatu vya harusi havikuingii."

Wanawake wakacheka. Najat naye akacheka.

Alasiri hiyo hiyo Hasna aliletewa bahasha kutoka Guangzhou. Bimkubwa, mwenzao wa biashara, ndiye aliyekuwa amekichukua kile chumba. Ndani kulikuwa na picha ya kamera na maneno mawili matatu: "Nani kawachorea Najat? Kapatia hasa."

Milima, theluji, minara. Njiani alisimama mwanamke aliyejitanda kanga ya manjano, ameelekeza uso kushoto, kama anayemaliza sala.

Hasna alijifungia chumbani akasali, machozi yanamchuruzika. Akatoa salamu kulia. Akageuka kushoto.

"Dada," sauti ikaitika. Meno yalikuwa yanagongana. "Dada, nikaribishe."

Alifungua mdomo. Uani yule mwingine alikuwa anacheka, hina inamkauka miguuni. Na atakayeingia, Hasna atamjuaje kuwa ni nani? Akaufunga mdomo.

Mama akagonga. "Amana yangu umenirudishia, mwanangu. Mungu akulipe."

"Amin, mama," Hasna alijibu.

Aliponyanyuka, kanga yake ilikuwa imelowa bega la kushoto. Alama ya vidole vitano, vyembamba, vya baridi kama barafu. Kanga ile anayo mpaka leo, na bega lile halijawahi kukauka.