Ukingo wa Kulia wa Ubao

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2014. Tangu alfajiri mvua ilikuwa ikinyesha Benin City, si ile ya radi, bali ile nyembamba ya kijivu isiyo na haraka, inayokaa juu ya mabati siku nzima kama mgeni asiyeaga.

Katika Soko la Oba watu walibanana chini ya maturubai ya wauza vitambaa. Itohan, fundi cherehani wa miaka thelathini na moja, gauni lake la bluu la kitenge cha ankara limelowa mpaka magotini, alijikuta bega kwa bega na kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi. Midomo ya kijana ilikuwa ikicheza bila sauti.

"Kaka, unasali?"

"Ningekuwa nasali ningepata thawabu. Natafuta neno la Kiingereza la herufi tano, lenye J na V ndani yake."

"Limekupotelea humu sokoni?"

"Kichwani. Aah! JIVED. Limerudi." Alitabasamu kama mtu aliyempata mbuzi wake aliyepotea. "Kuna mchezo wa herufi, dada. Ubao na vigae vya herufi, unavipanga kuwa maneno. Jimboni kwetu watu wanaugombea kama mpira."

"Mimi Kiingereza chenyewe nakisoma jioni, darasa la watu wazima. Juzi mwalimu amenisahihisha mpaka jina langu."

"Njoo klabu Jumamosi ijayo. Vigae havimuulizi mtu alianza shule lini."

Aliitwa Osaretin, akiuza simu karibu na Ring Road. Itohan alikwenda klabuni Jumamosi hiyo kwa sababu ya yale maneno kuhusu vigae. Zilizofuata, alikwenda kwa sababu ya aliyeyasema.

Ikawa desturi yao: kila alfajiri, Itohan akiinuka tu kutoka magotini baada ya sala, simu inalia.

"Herufi nne, Q bila U, malkia wangu."

"Hata salamu hakuna? QADI."

"Maana yake?"

"Si ulisema maana tusijisumbue nazo?"

"Ni hakimu wa Waislamu. Anafungisha ndoa pia."

"Sisi ni Wabaptisti, bwana. Nitafutie neno lenye mchungaji."

"La herufi ngapi, mke wangu?"

"Mke wa nani?" Itohan akacheka mpaka chai ikamwagikia kitambaa cha mteja.

Alibandika maneno ukutani juu ya cherehani, akayasoma huku mguu ukisukuma. Aliyaombea hata maneno: Bwana, umenipa kichwa kwa kuchelewa, nisaidie kukitumia. Mwaka haukuisha kabla watu wa klabu hawajaanza kuogopa kukaa mbele yake.

Mei iliyofuata, timu ya jimbo kwa ajili ya tamasha la michezo la taifa ilibakiza nafasi moja. Waliobaki kuigombea walikuwa wawili: Itohan na Osaretin. Wanaklabu walisimama nyuma ya wachezaji, kama ilivyo kawaida yao, midomo imefungwa. Kila mtazamaji aliona vigae vya mchezaji aliyeketi mbele yake. Itohan aliona vyake tu. Alishinda kwa pointi chache. Alitoka nje akiimba wimbo wa kanisani.

Langoni alikutana na Uwaila, mwanaklabu mwenzake, akitafuna ndizi za kukaanga.

"Hongera, bibi arusi! Kweli mapenzi ni kikohozi, hayafichiki."

"Una maana gani?"

"Acha bwana! Sisi tulikuwa nyuma yake. Alishika A, E, I, N, R, S, T. Herufi saba hizo hata aliyelala anazipanga, na ukiziweka zote unaongezewa pointi hamsini! Na ukingo wa kulia wa ubao uko wazi, unamwita. Mwenzio akaweka vitatu tu, akakuachia."

Alirudi ndani. Osaretin alikuwa amesimama peke yake, kiganja kimegusa ukuta.

"Osa, niangalie. Uliniachia?"

Osaretin akasema, "Nilitaka uende wewe."

"Na mimi nilitaka niende kwa kichwa changu! Maisha yangu yote napewa vilivyobaki. Nguo zilizobaki, kiti kilichobaki, shule iliyobaki. Hiki kimoja nilisema ni changu. Wewe umenirushia kama mfupa!"

"Ito, mpenzi..."

"Usinipigie tena."

Hakupiga. Mvua za Juni zilirudi. Alfajiri Itohan aliinuka magotini, akaitazama simu, akarudi magotini. Sala zake zilifumuka kama nguo isiyo na pindo. Alimsamehe asubuhi, na jioni hasira ikamrudia.

Jumamosi moja kabla ya safari ya tamasha alikwenda klabuni kuirudisha nafasi. "Kocha, mpe mwenyewe," alimwambia Bwana Igbinoba. "Siendi kwa sadaka."

Kocha alimwonyesha meza kwa kidevu. Osaretin alikuwa mezani, akicheza. Itohan akasimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho mtu aliyeketi mbele yake hawezi kukiona. Kichwa kizima cha Osaretin kilitembea juu ya ubao, polepole, kutoka kona hadi kona, kama mtu anayechungulia chumba kwa tundu la ufunguo. Muda ulimwisha kabla hajafika ukingoni.

Itohan alisogea kando yake. Akanyoosha mkono, akaupunga karibu na sikio lake la kulia. Osaretin hakugeuka.

"Osa."

Alishtuka, kigae kikamdondoka. "Ito? Uko wapi?"

"Hapa. Ubavuni kwako." Itohan alikiokota kigae. "Tangu lini?"

Osaretin akakipokea kigae.

"Mwezi wa tatu. Daktari anasema ni presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, inakuja katikati. Kilichokwenda hakirudi."

"Siku ile hukuuona ukingo."

"Niliupita. Sikujua uko wazi mpaka waliponicheka."

"Kwa nini ukasema umeniachia?"

"Uongo ule ulinibakiza mwanamume mwenye macho."

Itohan alikaa. Siku zote hizo alikuwa amekasirikia zawadi ambayo haikutolewa. Na ushindi wake, ambao sasa ulikuwa wake kweli, ulikuwa mchungu mdomoni: alikuwa amemshinda mtu aliye gizani.

"Nenda kwenye tamasha," Osaretin alisema kwa upole. "Na ukirudi, tafuta mtu atakayekuona umevaa nini."

"Leo nimevaa nini?"

Aligeuza kichwa, akamtafuta, akampata. "Gauni la sokoni. La bluu."

Uwaila alianza kulia, akijifuta kwa kanga ya mabegani. Itohan hakulia. Alisogeza kiti, akakaa mbele ya Osaretin, katikati kabisa, akamshika mikono juu ya vigae.

"Kocha, naenda kwenye tamasha. Uwaila, sikiliza vizuri, wewe hupenda kusimulia. Sikilizeni nyote." Akavuta pumzi kama afanyavyo kabla ya sala. "Osaretin, kuanzia leo nitakaa hapa katikati, unapoona. Na siku hapa napo pakizimika, nitakuwa sauti: nitakusomea ubao wote, mpaka ukingoni, kila siku atakayotupa Mungu. Nimesema mbele zake na mbele ya hawa."