Aliyelala Kwenye Meza ya Pasi

Meza ilikuwa ya moto, na pasi hata haijachomekwa. Fundi aliweka tena kiganja juu ya kitambaa cha pamba, akakiondoa haraka. Joto la mtu mwenye homa, jamani, mchana kweupe!

Meza za kupigia pasi, za kuuza, fundi na mumewe walizitengeneza wenyewe hapo nyumbani. Mume, seremala, alikata mbao. Mke alitandika blanketi tabaka mbili, akavuta kitambaa juu yake hadi kikakaza. Blanketi la safari hii, zito la sufu, mume alilinunua mnadani, akalibeba mgongoni mpaka nyumbani, na tangu hapo yuko kitandani analalamika mgongo. Kawaida fundi angelichemsha kwanza. Lakini mteja alikuwa akimwandama, basi akalikata hivyo hivyo.

Akapuuza lile joto, akachomeka pasi, ikapata moto, akaipitisha. Chumba cha pili mume akapiga yowe.

Alimkuta kifudifudi, mgongoni ana alama nyekundu iliyochongoka mbele na kutanuka nyuma. Alama ya pasi.

"Mke wangu, usiiguse tena ile meza," alinong'ona. "Kuna mtu humo. Anapumua nikipumua."

Mganga akaitwa. Alinusa jasho lililochacha, akaona kitambaa kinapanda na kushuka, akasema "Hameni!" huku miguu iko barabarani. Mganga gani huyo!

Hasira zikampanda fundi. Ahame nyumba yake, amwachie mgeni asiyealikwa? Thubutu! Akarudi mezani peke yake, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ilivyozidi, na chini ya kitambaa kitu kikajigeuza ubavu polepole, kama mgonjwa aliyechoka kulalia upande mmoja, kikamsemesha kwa sauti ya mumewe.

"Aliyenibeba mgongoni ni wangu. Ukinichoma, unamchoma. Ukinitupa, naondoka naye."

"Unataka nini?"

"Sufu inawasha. Nitandikie laini, unifunike kinachong'aa. Nikilala vizuri nitammaliza taratibu."

"Sawa, bwana mkubwa."

Akatandika meza nyingine kwa vitu ambavyo fundi mwenye akili timamu havigusi: sponji nene, na nailoni inayometameta. Jini lingejulia wapi kwamba vyote viwili huyeyuka chini ya pasi na kunata?

"Karibu," akasema. Pamba ikanywea, sufu aliyoibeba mume ikabaki tupu. Nailoni ikatuna, ikaguna kwa raha. Chumbani mume akavuta pumzi ndefu, ya kwake mwenyewe.

Basi fundi akaipandisha pasi moto hadi mwisho, akaikandamiza kwa mikono miwili, na kilio kikatoka kwa sauti ya mumewe, kikimwita kwa jina analomwita wakiwa wawili tu, kikimsihi amhurumie, naye akilia machozi bila kujua kama anamwokoa mumewe au anamuua, lakini mkono hakuuinua, moshi ukamfunika, kilio kikageuka mlio usio wa binadamu, mpaka sponji na nailoni vikawa donge moja jeusi, likanyamaza.

Akakimbilia chumbani. Mume ameketi, alama imefifia.

"Nimesikia napiga kelele," akasema, "na mdomo nimeufunga."

Fundi akamkumbatia. Ndipo nje ya dirisha kitu kikakwaruza ukuta, na sauti nyembamba ikasema, "Nitarudi."

Mume akamshika mkono. Fundi akajichomoa, akafungua dirisha wazi.

"Rudi hata sasa hivi," akasema. "Pasi sijaizima."