Dalali na Picha ya Mfano

"Hili la kushoto ndilo lililolala zaidi, dokta. La kulia lina nafuu kidogo, ila nalo limechongoka vibaya. Shughulika na yote mawili, yawe sawa kwa sawa."

Dalali aliyasema hayo huku amenyoosha ufunguo wa gari, ncha yake ikielekea kifuani mwa mchumba wake kama anayeonyesha bampa lililobonyea. Kinywani alikuwa na bigijii, na kila alipotafuna, midomo yake ilitoa mlio wa majimaji.

Msusi, huyo mchumba, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha kliniki, shuka jeupe amelikaba chini ya kidevu. Mlio ule alikuwa ameuzoea. Leo, sijui kwa nini, ulimtia kinyaa. Akainamisha macho akatazama vidole vyake vya miguu.

Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mpaka wenzake wa saluni wakawa wanamtania kuwa amelishwa dawa. Mwanamume mwenyewe alikuwa dalali wa magari yaliyotumika, mcheshi, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Harusi ilikuwa imekaribia, wazazi wa pande zote mbili walishakubaliana. Msusi alikuwa na aibu moja tu aliyoificha tangu usichana wake: matiti yake yalikuwa membamba shinani, marefu, yameinama, moja limelizidi jingine. Siku Dalali alipoyaona mara ya kwanza, alicheka.

"Mbona haya kama yamenyonyesha kijiji kizima, na wewe hujazaa?"

Msusi naye akacheka, ili asilie. Tangu siku ile wimbo wa Dalali ukawa mmoja: operesheni kabla ya harusi.

Daktari, mwanamama wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani, aliiweka kalamu mezani.

"Baba, mgonjwa ni nani hapa?"

"Ni yeye. Lakini mlipaji ni mimi."

"Sijauliza mlipaji."

Dalali akacheka. "Usikasirike, dokta. Mimi gari naijua. Hii injini yake nzima kabisa, haina tatizo. Ni bodi tu inataka kunyooshwa."

"Naomba utupishe. Mimi huzungumza na mgonjwa peke yake."

"Sisi tunaoana bwana, hatufichani kitu!"

"Mlango ule pale."

Dalali aliinama, akambusu Msusi kwenye paji la uso. Busu likaacha unyevunyevu wa bigijii. Mlango ulipofungwa, Msusi alijifuta kwa ncha ya shuka, akajifuta tena.

Daktari alivuta kiti karibu.

"Haya, mwanangu. Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka... yakae vizuri."

"Kwanza ujue, huu si ugonjwa. Wapo wanawake wengi matiti yao yameota hivi. Sasa nikuambie ukweli wote, usije ukasema hukuambiwa. Kuna kuinua: nakata ngozi iliyozidi, nakaza, na chuchu naihamishia juu. Kovu litazunguka chuchu na kushuka chini, na halifutiki kabisa. Kwa umbo lako, pale chini palipobana pengine nitapapanua, niweke mfuko wa silikoni au mafuta ya mwilini mwako mwenyewe, ili yalingane."

"Nitanyonyesha?"

"Huenda ukaweza, huenda usiweze. Siwezi kukuahidi. Na ukibeba mimba baada ya hapo, yanaweza kushuka tena. Ndiyo maana wengine nawashauri wazae kwanza. Silikoni nayo si ya maisha, ipo siku itataka kubadilishwa."

"Na zile krimu za kupaka?"

"Hizo zinainua mfuko wa muuzaji tu."

Msusi akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

"Na nisipofanya kitu?"

"Basi utabaki mzima kama ulivyoingia. Sidiria inayokukaa vizuri, maisha yanaendelea. Hilo nalo ni chaguo." Daktari akachukua simu ya kliniki. "Ila naona wewe ulishaamua. Hata picha ya mfano umeshachagua."

"Picha gani, mama?"

"Hii aliyotuma mchumba wako jana. Ameandika: 'Mwenyewe kaipenda. Nitengenezee kama hii.'"

"Mimi sijachagua picha yoyote."

Dalali ndivyo alivyozoea kufanya kazi. Akipeleka gari kwa fundi wa rangi, hutuma na picha ya gari jingine: nitengenezee kama hii. Hakuona tofauti.

"Nionyeshe," Msusi alisema.

Ilikuwa picha ya mwanamke anayeoga, imepigwa kutokea juu. Kichwa kilikuwa kimekatwa usawa wa kidevu. Msusi hakuangalia kifua. Yeye ni msusi, aliangalia nywele. Misuko myembamba iliyolowa ilikuwa imelala mabegani, ncha zimefungwa uzi mwekundu, na michache ya mwisho imemaliziwa kwa uzi mweusi, kwa sababu ule mwekundu ulimwishia mkononi. Misuko ile aliisuka yeye, sebuleni kwake. Na ile ndoo ya bluu iliyopasuka mdomo ilikuwa ndoo yake.

Akaweka kidole kwenye ule uzi mweusi.

"Huyu ni mdogo wangu."

Daktari aliigeuza simu kifudifudi. Msusi alishachukua yake. Mdogo wake alikuwa muuguzi, mwanamke mzima anayejitegemea, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja.

"Dada, niko wodini, nikupigie baada—"

"Tangu lini unamvulia nguo shemeji yako?"

"Nini?"

"Picha yako ninayo mbele yangu, kwenye simu ya daktari! Uko uchi, bafuni kwangu, na aliyeituma ni mwanamume wangu!"

Kule wodini troli ikapita ikigongagonga.

"Dada, naapa kwa uhai wa mama. Mimi sijapiga picha yoyote. Imepigwa wapi? Imepigwaje?"

"Kutokea juu."

"Juu wapi? Kwenye kile kidirisha cha hewa? Dada... Jumapili nikiwa naoga nilisikia mkwaruzo kule juu. Nikajua ni yeye, si alipanda kuangalia tangi la maji? Hata nikamwita, 'Shemeji, maji yanarudi lini?' Akanijibu, 'Bado kidogo, shem.' Alinijibu, dada! Akiwa ananiangalia!"

Jumapili ile Dalali alijitolea mwenyewe kupanda juu. Na aliyemshikia ngazi ni yeye, Msusi, kwa mikono yake miwili. "Shikilia vizuri, mpenzi, nisianguke," alikuwa akimwambia kila mara. Naye akashikilia, macho kwenye miguu ya ngazi. Aliposhuka alimpa maji ya baridi na kumpangusa jasho kwa kitenge chake.

Aliliwahi beseni lililokuwa chini ya kitanda, akatapika.

"Dada? Dada, usinishuku mimi."

"Nisamehe," alisema akifuta mdomo. "Nisamehe, mdogo wangu. Sikushuku. Nimelishwa uchafu nikadhani chakula."

"Mwambie daktari asiifute hiyo picha. Nakuja. Tunakwenda polisi leo hii hii."

"Haifutwi," alisema daktari, aliyekuwa ameyasikia yote. "Na nikiitwa kueleza, nitakwenda."

Msusi alivaa. Alipofungua mlango, Dalali alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha mapokezi katikati ya wagonjwa wengine, akicheka na simu yake.

"Mrembo wangu! Wamekupangia siku?"

"Jumapili ulipanda juu kufanya nini?"

"Jumapili? Si tangi?"

"Na picha uliyomtumia daktari umeitoa wapi?"

Taya zilisimama kutafuna. "Aa, ile! Ya mtandaoni ile. Zimejaa."

"Mtandaoni kuna ndoo yangu? Kuna misuko niliyosuka mimi?"

Mama mmoja aliyekuwa akisoma gazeti akalishusha. Dalali akasimama, akamsogelea, akaanza kunong'ona.

"Punguza sauti basi. Sikiliza, mpenzi. Shemeji ni utani tu, nani asiyejua? Halafu mbona uso hauonekani? Kichwa nilikikata. Nilimheshimu."

"Ulimheshimu."

"Ndiyo! Mwingine angeiacha nzima. Mimi nilikuwa natafuta mfano mzuri kwa ajili yako. Mmetoka tumbo moja, nikaona itakuwa rahisi kufanana. Yote haya nakuhangaikia wewe."

Alinyoosha mkono amshike bega. Msusi aliruka nyuma kama aliyekanyaga kitu kibichi gizani.

"Usiniguse!"

Ukumbi mzima uligeuka. Msusi, ambaye saluni wateja humwambia aongee kwa nguvu ili wamsikie, hakuona haya hata chembe.

"Huyu mwanamume," aliwaambia, "amempiga picha mdogo wangu akioga. Kisha ameileta hapa mimi nikatwe nifanane nayo."

"Ptu!" alifanya yule mama wa gazeti. "Na suti kavaa!"

"Mama, hayakuhusu!"

"Yananihusu. Kiti ulichokalia nilitaka kukaa mimi. Sasa sikitaki."

Dalali alitafuta mlango. Pale mlangoni alikutana uso kwa uso na muuguzi mwenye sare, anahema, misuko ameifunga kitambaa. Akapita ubavu ubavu, bega limekwangua ukuta.

Ndugu wawili walishikana, wakalia bila sauti. Daktari alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake.

"Mwanangu, faili lako nilifunge?"

"Liache, mama. Huenda nitarudi, huenda nisirudi. Nikirudi nitakuja peke yangu."

Polisi walichukua maelezo, daktari akaitoa ile picha pamoja na ujumbe wake. Baba yao alipoambiwa, alipiga simu upande wa pili na kusema maneno machache tu: hakuna harusi.

Jioni, wakiwa wameshaliziba kile kidirisha kwa ubao, ujumbe uliingia kwenye simu ya Msusi. Mdogo wake aliusoma kwa sauti:

"Umeniaibisha vya kutosha, tuseme ngoma droo. Ongea na mdogo wako afute kesi. Na ile operesheni basi, tuachane nayo. Nakupenda, nitakuoa hivyo hivyo ulivyo."

"Mh! Anakupa ofa," alisema mdogo mtu. "Utamjibu nini?"

Msusi aliichukua simu, akaandika polepole, herufi moja moja:

"Mimi wewe hivyo hivyo ulivyo sikutaki."